Gundi na msasa wa kubadilishia midoli ya mashujaa: ununue ipi Arusha

Ukitaka kumpa mdoli wa mitumba wa soko la Kilombero kichwa cha mwenzake, bega jipya au mabawa, gundi ninayoiweka ya kwanza ni epoksi ya mirija miwili. Unakamua kiasi sawa kila upande, unachanganya kwa njiti ya kiberiti, unapaka. Inavumilia kuvutwa na kupindwa, inajaza pengo, na inakupa nafasi ya kunyoosha kiungo kabla haijashika. Soma paketi: ipo ya dakika tano na ipo ya saa nyingi. Anayejifunza achukue ya polepole. Juni na Julai baridi yetu huichelewesha, kwa hiyo usiguse hadi kesho yake.

Ya pili ni supaglu. Ni rahisi, ipo kila duka, na inafaa pembe, mkanda na vitu visivyobeba uzito. Hushikishwa na unyevu, ndiyo maana tone dogo hukaza haraka kuliko tone kubwa. Lakini ikigongwa huachia ghafla, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki nyeusi. Niliwahi kuiachia ichuruzike kwenye kiwiko cha mdoli wa mpwa wangu. Kiwiko hakikukunja tena, na mtoto alilia. Nunua vichupa vidogo, maana kikishafunguliwa hakidumu.

Ya tatu ni epoksi ya kukanda, ile ya mafundi bomba. Hii naipenda kwa kujenga misuli na kofia: ikikauka unaikwangua, unaitoboa, unaipiga msasa kama jiwe laini.

Gundi ya fundi viatu naiweka mwisho. Ibandikie joho la kitambaa, basi. Kiyeyusho chake hulainisha plastiki.

Msasa usinunue wa mbao. Waulize wauza rangi za magari msasa wa maji, namba 240, 400 na 800. Namba ikipanda, chembe zinapungua ukubwa. Plastiki laini ya PVC ikisuguliwa kavu huota manyoya, nyuzi ndogo zinazoonekana hata chini ya rangi. Chovya msasa majini, sugua taratibu, na vumbi halitaruka puani. Wengi huharibu hapa: wanalainisha hadi ing'ae halafu wanapaka gundi. Gundi inataka mikwaruzo. Ishia 240, osha kwa sabuni, kausha, ndipo ubandike. 400 na 800 ni za kufutia mshono kabla ya rangi.

Plastiki inayoteleza kama ya beseni haishiki vizuri gundi yoyote kati ya hizi. Hapo nunua biti ya milimita 1, toboa pande zote mbili, ingiza waya wa klipu ya karatasi, kisha epoksi. Mimi sasa hufanya hivyo kwa kila bega na kila nyonga, hata plastiki ikiwa inashika vizuri.