Kununua punda wa kazi: yupi achukuliwe, yupi aachwe

Punda hauzwi tena kwa bei ya zamani. Machinjio ya punda yalianza kazi Kenya mwaka 2016, ngozi zikipelekwa China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao, na wizi ukafuata. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 hivi; ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, mahakama ikaitengua marufuku mwaka uliofuata, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana mjini Addis Ababa kuzuia punda kuchinjwa kwa ajili ya ngozi barani kote. Kwa mama anayechota maji mbali au kijana wa mkokoteni, punda mbovu ni riziki iliyokatika. Usinunue kwa haraka, na usimwachie dalali akuchagulie.

Mwenye uwezo, namshauri achukue punda wawili waliozoeana. Hii ndiyo nafasi ya kwanza, na wengi huiona kuwa anasa mpaka wamtenge punda na mwenzake. Punda hushikamana sana. Ukiwatenganisha, aliyebaki anaweza kususa kula, na punda asiyekula kwa siku chache mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kumuua. Tena kuna hesabu ya mzigo. Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 120 hadi 150, na mgongoni hapasi kubebeshwa zaidi ya theluthi ya uzito wake. Hiyo ni mitungi miwili ya maji ya lita 20, basi. Wale tunaowaona na mitungi minne wanabeba kilo 80 na ushei, na miguu yao huisha mapema. Unayetaka mitungi minne, nunua wawili.

Kama pesa zinatosha mmoja tu, na jirani ana punda wa kukaa naye, tafuta dume aliyehasiwa wa miaka 5 hadi 10 aliyekwisha kufanya kazi. Mtulivu, hakimbilii majike, hapigani. Jike wa umri huo anamfuata kwa ubora, kwa karibu sana, na kwa anayetaka kizazi ndiye wa kwanza. Jua tu kwamba mimba ya punda huchukua karibu mwaka mzima, miezi ya mwisho hapakiwi mzigo, kisha ananyonyesha. Ukiuziwa jike mwenye mimba kama punda wa kazi, umenunua wa mwakani.

Punda wa miaka 2 au 3 ni rahisi kwa bei na anavutia macho. Mifupa yake haijakomaa; anayemtwika sasa atakuwa na kilema kabla hajafika umri wa nguvu. Mchukue ikiwa una subira ya kumfunza mpaka afikishe miaka 4. Dume asiyehasiwa namweka chini yake: ana nguvu, lakini huuma, na akisikia harufu ya jike hata mwenye kamba hawezi kumshika. Wa mwisho kabisa ni yule mwenye kidonda kibichi mgongoni anayeuzwa kwa bei ya kutupa.

Umri usiuulize kwa muuzaji, uulize kwa meno. Fungua mdomo utazame meno ya mbele ya chini. Meno ya utoto ni madogo na meupe. Mawili ya katikati hubadilika akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yanayofuata mwaka mmoja baadaye, na ya pembeni akikaribia mitano. Punda mwenye meno yote makubwa, yakiwa bado yamesimama wima na vishimo vyake juu, yuko katika nguvu zake. Yakianza kulala kuelekea mbele na vishimo kufutika, umri umekwenda, hata kama manyoya yanang'aa.

Sasa jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosa: punda huficha maumivu. Farasi akiumwa hujirusha na kugaagaa. Punda husimama kimya, masikio yamelegea, na watu husema ametulia. Kwa hiyo mpe nyasi mkononi umtazame akila mpaka amalize. Akiangusha vidonge vya nyasi vilivyotafunwa nusu, meno ya ndani yana kasoro. Pitisha kiganja kwenye uti wa mgongo na mbavu, kwa kuwa manyoya mazito hufunika ukondefu. Bonyeza polepole sehemu yote linapokaa tandiko au shogi, ule mfuko wa mizigo unaoning'inia pande zote mbili. Manyoya meupe ni makovu ya zamani, si neno. Ngozi inayoruka ukiigusa ndiyo ya kuogopwa. Methali inasema shukrani ya punda ni mateke. Mateke mengi hutoka kwa punda mwenye kidonda chini ya tandiko.

Inua miguu yote minne. Anayekataa mmoja tu ana sababu. Kwato za punda kwa kawaida ni nyembamba na zimesimama kuliko za farasi, lakini zisiwe ndefu na kupinda kama ncha ya kiatu. Kwangua uchafu wa chini unuse: harufu ya kuoza ni ugonjwa. Kisha atembezwe mbele yako kwenye ardhi ngumu, aende, arudi, ageuzwe pande zote mbili. Kichwa kikiinuka kila mguu mmoja wa mbele unapokanyaga, mguu huo unauma. Mwisho apakiwe mzigo wa kiasi, atembee, halafu umhesabie pumzi ubavuni akishapumzika: 20 hivi kwa dakika ni sawa, zaidi ya 28 si sawa.

Anayenunua Lamu aongeze jaribio moja. Mji ule hauna nafasi ya magari. Mawe, mchanga na saruji hupita kwenye vichochoro juu ya mgongo wa punda. Mpitishe kwenye kichochoro chembamba chenye watu na ngazi uone kama anashtuka. Tazama pia kinyesi chake, kwa sababu punda wanaojilisha jalalani humeza mifuko ya plastiki, na matumbo yakiziba hufa. Huko huko Lamu shirika la The Donkey Sanctuary lilifungua zahanati ya punda mwaka 1987; daktari wa mifugo akimkagua kabla ya malipo, utakuwa umelipia usalama wako.

Hata punda akipita yote haya, usilipe bila karatasi. Linganisha chapa ya moto na maelezo ya muuzaji, pata barua ya chifu inayomtambua mwenye mali, na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka ofisi ya mifugo. Punda wa wizi ukimnunua, polisi watamfuata kwako. Akifika nyumbani, mpe chakula alichozoea kwa wiki ya kwanza, usimtwike kitu, na umwite daktari kwa dawa ya minyoo na chanjo ya pepopunda.