Fundi bomba wa Ngamiani: alivyotutengenezea hita, presha na bili ya maji

Mtu akiniuliza fundi wa hita na mabomba hapa Tanga, namtaja huyu kabla ya mwingine yeyote. Jina na namba yake siziweki hapa kwa kuwa hakunipa ruhusa, ila anapatikana Ngamiani, kwenye duka la vifaa vya maji la kaka yake. Nitaeleza alichotufanyia nyumbani kwetu Chumbageni, maana hela ya fundi inauma zaidi usipojua umelipia nini.

Wapo wanaoshangaa kusikia hita ya maji Tanga, mji wa joto. Mama yangu amevuka miaka themanini na magoti yanamsumbua. Kusi ikishika, kuanzia Juni hivi, maji ya alfajiri yanamwingia mifupani, na yeye haachi kuoga kabla ya sala. Ndiyo maana bafuni kwake tumetundika hita ya umeme ya lita 50.

Hita hiyo ilikuwa inadondosha maji kwenye ile valvu ndogo ya chini, yenye kikonyo cha kuinua. Fundi wa mwanzo tuliyemwita hakuuliza kitu. Alisema valvu imekufa, akaziba tundu lake kwa plagi na tepu, akapokea chake akaondoka. Baadaye maji yakawa yanachelewa kupata moto na umeme wa LUKU unakwisha haraka, ndipo jirani akatuelekeza kwa huyu wa Ngamiani.

Aliingia, akamwamkia mama, akainama kutazama chini ya hita na mkoba wake bado uko begani. Hapo hapo akaenda kuzima swichi.

“Dada, nani kaziba hapa?”

Nikamweleza. Akamgeukia mama: “Bibi, yale matone yalikuwa yanatoka saa zote, au hita ikiwashwa tu?”

“Ikiwashwa, mjukuu wangu. Ikipoa yanakata.”

“Basi valvu ilikuwa nzima.”

Akatueleza kwa lugha ambayo hata mama aliifuata. Maji yakipata moto yanatanuka. Lita 50 zikitoka ubaridi wa kawaida wa bombani mpaka nyuzi 60, yanaongezeka karibu robo tatu ya lita, na kile kiasi lazima kipate pa kutokea. Valvu ile inaruhusu maji baridi kuingia lakini hayarudi nyuma, kwa hiyo njia iliyobaki ni lile tundu. Ukiliziba, presha yote inabaki ndani ya tangi, na siku kidhibiti joto kikigoma kuzima, tangi linaweza kupasuka na maji ya moto kumwagikia aliyemo bafuni. Nilimtazama mama aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, mwili ukanisisimka. Kama hita yako inadondosha wakati inachemsha, iache idondoshe. Ikidondosha usiku kucha hali imezimwa, hapo ndipo pa kumwita fundi: ama kuna uchafu kwenye valvu ama presha ya bomba imezidi.

Aliweka valvu mpya, kwa sababu ile ya zamani ilishaharibiwa na plagi, akaunganisha mpira mwembamba kutoka kwenye tundu mpaka kwenye shimo la maji machafu ili sakafu isilowe na mama asiteleze. Hili la mpira hatukumwomba.

Kisha akaimwaga hita na kufungua kifuniko cha chini. Elementi, kile chuma kinachopasha maji, ilitoka imevaa chokaa nyeupe nene, imegandamana kama ukoko wa wali. Maji ya bomba yakikatika sisi hujaza tenki kwa maji ya kisima, na visima vingi vya huku pwani vimechimbwa kwenye mawe ya chokaa. Chokaa ile inaizuia elementi kupeleka joto kwenye maji, ndiyo sababu ya kuchelewa. Aliiloweka kwenye siki mpaka ikaachia, akaisugua, akaisuuza. Pembeni yake kuna fimbo ya magnesi, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi lenyewe. Yetu ilikuwa imebaki waya mtupu. Akanipa niishike, akasema ikifika hapo kinachofuata kuliwa ni tangi, na tangi likitoboka haliungwi. Tangu siku hiyo ninaamini kila mwenye hita anayetumia maji ya kisima aifungue na kuikagua kila mwaka. Fimbo ni bei ndogo sana ukilinganisha na hita nzima.

Umeme wenyewe alikataa kuugusa. Aliona waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, haukufungwa popote, akasema hita haiwashwi mpaka fundi umeme aje, na iwe na saketi breka yake peke yake. Ilibidi nimchemshie mama maji kwenye gesi mpaka kazi hiyo ikaisha. Ilinichosha, lakini ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa lolote lingine. Na kwa faida yako: hita ya wati 2,000 ikifanya kazi vizuri inakula takriban uniti mbili kupasha lita 50, kama saa moja hivi. Ikichukua muda mrefu zaidi ya hapo kwa kiasi hicho cha maji, shuku chokaa.

Shawa ya bafu la pili ilikuwa inachuruzika. Mimi nilishajiandaa kununua pampu. Alipima kwa macho urefu wa mnara wa tenki, akasema kila mita moja inakupa sehemu ya kumi tu ya baa, kipimo cha presha, kwa hiyo mita tatu zetu ni presha ndogo, ila si ndogo kiasi hicho. Alifungua bomba la chuma la zamani kwenye elbo: kutu ilikuwa imejaa, tundu limebaki la kupenya kalamu. Akabadilisha kipande kile chote kwa PPR, bomba la plastiki linalostahimili joto, ya daraja la presha la PN20 kwenye njia ya maji ya moto, na akatuonya tusikubali PVC ya kawaida huko kwa sababu joto huilegeza. Pampu sikununua.

Bili ya maji kuwa kubwa nilimtajia wakati anafunga mkoba. Alifunga koki zote, tukaenda kwenye mita ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji, tukatazama kile kigurudumu kidogo. Kilikuwa kinazunguka. Akatia rangi ya chakula kwenye tenki la choo, na baada ya muda rangi ikaonekana kwenye bakuli bila mtu kuflashi. Ni mpira wa chini uliochakaa, akaubadilisha pale pale.

Kasoro zake zipo. Saa yake haiaminiki: akisema saa tatu, jiandae kwa saa sita, na Ijumaa mchana usimtarajie kabisa. Vifaa vya dukani kwa kaka yake niliviona ghali kidogo kuliko maduka mengine ya Ngamiani, ingawa hakunilazimisha kununua pale. Ukuta alioupasua kwa tindo hauzibi, anakuachia umtafute mwashi, na hilo hakulisema mwanzoni. Risiti uiombe, haileti mwenyewe.

Ufundi wa hita peke yake nililipa shilingi 70,000, vifaa mbali. Ukimwita, mwambie kabisa kwenye simu hita ni ya lita ngapi na maji yenu ni ya bomba au ya kisima, aje na fimbo na valvu mkononi, la sivyo nusu ya siku itaishia kwenye bodaboda kati ya kwako na dukani.