Podikasti ya mpira inachekesha kweli, lakini imekula GB 4 za watu usiku mmoja

Ndugu zangu wapenda soka, kama mnaifuata ile podikasti ya vijana wa Dar wanaoichambua Ligi Kuu kwa vichekesho, ingieni kwenye simu zenu sasa hivi mzime ile sehemu ya kushusha vipindi kiotomatiki. Mkimaliza ndiyo mwendelee kusoma. Jina lao silitaji; anayewasikiliza ameshawajua.

Majuma kadhaa yaliyopita walihamisha vipindi vyao kutoka seva moja, yaani ghala la mtandaoni linalotunza mafaili, kwenda nyingine. Asubuhi yake simu yangu ilikuwa imeshusha upya vipindi vyote 74, kuanzia kile cha kwanza kabisa. Kila kimoja kina kama saa nzima, na wao huvitoa kwa stirio ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo ni karibu MB 58 kwa saa. Pigeni hesabu: GB 4 na ushee. Bando la mwezi limeisha watu wamelala, na hakuna hata kipindi kimoja kipya ndani yake.

Naeleza kilichotokea, maana wao hawajaeleza mpaka leo. Kila kipindi cha podikasti kina namba yake ya utambulisho, mafundi huiita GUID, ndani ya mlisho, yaani ile orodha ya vipindi ambayo simu huisoma mtandaoni. Simu haiangalii jina la kipindi wala mada. Inaangalia namba hiyo: ikiiona ni ileile inajua hiki ninacho, ikiiona ni ngeni inajua hiki kipya, shusha. Ukihama seva kwa njia sahihi, unaipa seva mpya anwani ya mlisho wako wa zamani, nayo inavuta kila kitu pamoja na namba zake. Hawa wamepandisha mafaili kwa mkono, moja baada ya jingine, na seva mpya ikayapa yote namba mpya. Halafu wakaelekeza anwani ya zamani iende kwenye mpya. Wangesahau kuelekeza, wasikilizaji tungepata ukimya tu. Kwa kuelekeza bila kukagua namba, walituletea mzigo wote mlangoni. Waliokuwa wameweka kikomo cha vipindi viwili vitatu kwenye programu zao walipona. Wengine tulilipa.

Na tarehe nazo zikavurugika, kwa sababu ukipandisha faili leo bila kuandika tarehe yake ya awali, seva inaandika ya leo. Kipindi cha ile Kariakoo Dabi ya Novemba 5, 2023, Yanga 5 Simba 1, kikakaa juu kabisa kama mechi ya jana. Shabiki wa Simba anafungua simu asubuhi anakutana na hilo. Si utani, ni uzembe.

Kukagua ni kazi ya dakika 10. Unafungua mlisho wa zamani kwenye kivinjari, unatafuta neno guid, unanakili namba za vipindi vitatu: cha kwanza, cha katikati, cha mwisho. Unafungua mlisho mpya, unalinganisha. Zikifanana herufi kwa herufi, unaweka uelekezo wa kudumu, ule wa 301, na mlisho wa zamani unauacha hewani wiki nne au zaidi ili simu za watu wote zipate muda wa kujua kwamba mmehama. Zisipofanana, husogei. Basi.

Niliwaandikia hayo. Ujumbe wa mistari sita, wenye picha ya skrini inayoonyesha namba ya zamani na mpya ya kipindi kilekile. Niliwaambia pia wasijaribu kurudisha namba za zamani sasa, kwa sababu kuna programu ambazo zingeshusha kwa mara ya tatu. Warekebishe tarehe tu, na watoe tangazo watu wazime upakuaji. Jibu lilikuja kwa sauti, sekunde kama 10, wanacheka wote kwa pamoja, mmoja anasema, "Mwambieni mjomba anunue vocha." Kipindi kilichofuata wakausoma ujumbe wangu hewani kwa sauti ya mzee anayelalamikia maji ya bomba. Mstari wa kwanza, ambao ulikuwa pongezi, hawakuusoma.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mtani wangu wa Jangwani, yaani wa Yanga, akiniita Kolo kwa kuwa mimi ni Simba, ninamwita Utopolo, tunamalizana. Lakini mtu aliyekulipa, anayekuonyesha kosa lako na namna ya kulirekebisha, ukamfanya kichekesho cha wiki? Wanachama tunalipa 3,000 kwa mwezi kwa lipa namba, kisha unatuma picha ya muamala WhatsApp, kisha unasubiri mtu aione ndipo akutumie anwani ya mlisho wa wanachama. Kuna wanaosubiri siku nne. Mtu wa siku ya nne amekosa kipindi cha dabi tayari, na kipindi cha dabi kina uhai wa siku mbili kijiweni.

Nilitaka kuwapa nyota moja niishie hapo. Siwezi, kwa sababu nawajua wanavyofanya kazi wakiwa sawasawa, na Tanzania Bara hii sijasikia wanaowafikia.

Chukueni kile kipindi cha dabi ambayo haikuchezwa, ile ya Machi 8, 2025. Simba walisema walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa siku moja kabla, wakagoma, Bodi ya Ligi ikaahirisha, na mechi ikaja kupigwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Vituo vyote vilikuwa vinabishana kuhusu kanuni. Hawa wakaitangaza mechi yenyewe. Uwanja mtupu, mtangazaji na pumzi zake zote: "Mpira uko katikati. Hakuna wa kuugusa. Upepo wa Chang'ombe unaingia, unaugusa, mpira unasogea, unasogea... umesimama! Mwamuzi wa akiba anainua kibao, dakika za nyongeza ni tisini!" Halafu ukimya. Kama sekunde tano nzima. Kisha mchambuzi wao, kwa sauti kavu, anasoma takwimu za mapumziko: umiliki wa mpira, nyasi asilimia 100.

Kile kicheko kilikuwa kwenye zile sekunde tano. Kuna mtu aliyekaa kwenye kompyuta akaamua kuziacha. Na vuvuzela moja ya mbali, chini sana, mpaka uvae spika za masikioni ndiyo uisikie. Wanavaa ufukara wao vizuri pia: haki za kurusha Ligi Kuu ni za Azam Media, kwa ule mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021 wa shilingi bilioni 225.6, kwa hiyo podikasti huru haiwezi kuchomeka sauti halisi za magoli. Wao wakatengeneza utangazaji wao wenyewe, na sasa kuna magoli watu wanayakumbuka kwa sauti ya huyu kijana kuliko ya televisheni. Huo ni ubunifu, na ninausema kwa moyo wote.

Sasa sikilizeni vipindi vya karibuni. Zile sekunde tano hazipo tena. Wameanza kutumia programu inayofuta ukimya yenyewe: kila pengo linalozidi nusu sekunde linakatwa. Kwa mahojiano ya siasa inafaa. Kwa kichekesho ni kisu shingoni, kwa sababu mchekeshaji anatega, ananyamaza, ndipo anapiga. Ukifuta kunyamaza, mtego na pigo vinagongana na msikilizaji anapitwa. Dawa ipo na ni rahisi: acha programu ifute mapengo yanayozidi sekunde mbili tu, halafu mtu asikilize kwa masikio yake na kurudisha yale yaliyokuwa ya makusudi.

Sauti nayo imeporomoka. Muziki wa kufungulia unapasua masikio, kisha mazungumzo yanashuka mpaka uongeze, kisha tangazo linakuja kukupasua tena. Kipindi kizima kinatakiwa kusawazishwa kwenye LUFS -16 hivi kwa stirio (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kilele kisivuke desibeli -1, na muziki upimwe pamoja na maneno, si peke yake. Mchekeshaji akicheka anarudi nyuma kwenye kiti, kicheko chake kinaingia kupitia maiki ya jirani kikiwa na mwangwi wa ukuta. Maiki iwe umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, kila mtu arekodiwe kwenye traki yake, yaani faili lake la sauti, na zile traki za wasiozungumza zishushwe. Kuna mngurumo wa feni unaosikika chini ya kila sentensi. Kata kila kilicho chini ya hezi 80 na sehemu kubwa itapungua, au zima feni mrekodi usiku. Na watu wanaoongea tu hawahitaji stirio. Mono, yaani sauti ya njia moja, ya kilobiti 64 inatosha kabisa, MB 29 kwa saa badala ya 58. Hapo bando la msikilizaji limepona nusu bila yeye kugundua tofauti.

Haya yote yalikuwa sawa zamani. Kwenye shukrani za mwisho wa kipindi walikuwa wanataja watu wanne: mtangazaji, mchambuzi, mchekeshaji na fundi mitambo. Sasa wanataja watatu. Tangu jina la fundi litoweke ndipo mapengo yalipoanza kukatwa na kelele za feni kuingia, na kuhama seva kwa mkono kukafuata. Hajasemwa alikokwenda. Lakini kama ni kubana matumizi, wamembana mtu aliyekuwa anashika vicheko vyote pale vilipotakiwa viwe.

Kwa hiyo nyota mbili. Anayeanza leo asilipe uanachama kwanza. Vipindi vya bure vinatosha, na vile vya kabla ya msimu huu ndivyo bora. Aweke kikomo cha kushusha kiwe kipindi kimoja, waifai tu, halafu ashuke mwenyewe mpaka kwenye ile dabi ya uwanja mtupu, ambayo kwa vurugu ya tarehe imekaa katikati ya vipindi vya usajili, si mahali pake.

Nilipofika hapa nimekifungua tena kile kipindi ili nihakikishe nimenukuu sawasawa. Upepo wa Chang'ombe umeingia, mpira umesimama, kimya. Nimecheka peke yangu kabla takwimu hazijasomwa. Wapeni tatu. Lakini hiyo ya tatu ni ya fundi, apewe yeye popote alipo.