Uzoefu wangu na Brno ZKK 600 iliyotumika: bunduki ya kwanza ya kuwindia kwa mwenye mfuko mdogo

Hapa Arusha, mtu akitangaza kwamba anatafuta bunduki ya kuwindia, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kununua .375 H&H Magnum, kwa sababu hiyo ndiyo kaliba (unene wa risasi) ya chini kabisa inayokubaliwa nchini kwa wanyama hatari kama nyati na simba, na kwa sababu wawindaji bingwa wanaopeleka wageni kwenye vitalu vya uwindaji hubeba hiyo au kubwa zaidi. Kwa mwenye kazi hiyo ni ushauri mzuri. Mimi nilitaka bunduki moja tu ya kuwinda kwa leseni ya mkazi, nikiwa na swala, ngiri na kongoni akilini, na mshahara wangu ni huohuo unaolipa kodi ya nyumba Sakina na ada za watoto. Pofu dume, ambaye anaweza kupita kilo 800, nilimwondoa kwenye hesabu mapema. Basi nikachagua kaliba ya .30-06 Springfield, katika bunduki ya Brno ZKK 600 iliyokwisha kutumika, na nimekaa nayo muda wa kutosha kuweza kusema inafaa wapi na inaudhi wapi.

Kilichoamua ni risasi. Bunduki hununuliwa mara moja, lakini risasi utazinunua maisha yako yote, na mwenye bunduki nzuri asiye na risasi za mazoezi hana tofauti kubwa na asiye na bunduki. Kaliba ya .30-06 ilipitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1906, na kwa kuwa imeenea duniani kote, karibu kila kiwanda cha risasi za kuwindia huitengeneza, hivyo dukani huwa ni miongoni mwa zile zinazopatikana kwa bei ya kubebeka. Risasi za .375, ambayo Holland & Holland waliitoa mwaka 1912, ni ghali zaidi, na teke lake begani ni karibu mara mbili. Anayeanza kwa teke la namna hiyo huzoea kufumba macho na kushtuka kabla hajamaliza kuvuta triga, na tabia hiyo ikishaingia haitoki kwa urahisi. Muuzaji mmoja mjini alinisisitizia ninunue .300 Winchester Magnum mpya kwa maneno kwamba inafika mbali. Inafika, kweli; ila kule Longido na Simanjiro mimi sikusudii kumpiga mnyama aliye zaidi ya mita 200, na kwa umbali huo .30-06 yenye risasi ya gramu 11.7 haina cha kuomba kwa mtu.

Upande wa sheria nitaupitia haraka, kwa kuwa kila mwombaji ataelekezwa na polisi wa wilaya yake. Chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, maombi huanzia kwenye serikali ya mtaa, hupanda kupitia kamati za usalama hadi polisi, na bunduki iliyotumika haihami kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kwa makubaliano ya mdomo, hata kama muuzaji ni mjomba wako. Tenga pia fedha za kasiki ya chuma inayofungwa ukutani au sakafuni. Wengi huisahau kwenye bajeti, kisha hukopa ili kuinunua.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu anayeishi Usa River, ambaye alikuwa anapunguza silaha zake kwa sababu macho hayamsaidii tena. Bei tuliyokubaliana ilikuwa karibu nusu ya niliyotajiwa dukani kwa bunduki mpya ya daraja hilo. ZKK 600 ilitengenezwa Czechoslovakia ya zamani, kuanzia miaka ya 1960, kwa mfumo wa bolti, yaani chuma kinachosukumwa na kuvutwa kwa mkono ili kuingiza risasi na kutoa ganda, unaofuata bunduki ya Kijerumani ya Mauser ya mwaka 1898, wenye kucha pana inayolishika ganda la risasi tangu linapotoka kwenye magazini (kisanduku cha risasi) hadi linapotupwa nje. Mfumo huo ndio ulionivutia, kwa kuwa hata ukisukuma bolti kwa woga au bunduki ikiwa imeinama ubavu, risasi haichezi.

Nilipomwomba mzee niikague, alinikubalia mara moja, akaongeza, "Ila mwanangu, usiuhukumu mtutu kabla hujausafisha." Alikuwa na sababu. Mtutu mchafu huficha kutu, na vilevile mtutu mzima unaweza kuonekana umeliwa kumbe ni masizi ya baruti. Tukatoa bolti, tukapitisha vitambaa vyenye mafuta ya kusafishia hadi vikaacha kutoka na rangi ya kijani-buluu inayotokana na shaba ya risasi, kisha nikauelekeza mtutu kwenye mwanga wa mlangoni na kutazama kutoka upande wa chemba, yaani nyuma, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Mifereji ya mzunguko iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi ilikuwa na kingo kali mwanzo hadi mwisho, isipokuwa ufifio kidogo karibu na chemba, ambao ni kawaida kwa mtutu uliofanya kazi. Baada ya hapo nikachukua kipande cha pamba na kukipitisha polepole kuzunguka ukingo wa ndani wa mdomo wa mtutu. Nyuzi za pamba zikinasa mahali, hapo pana kovu, na kovu dogo mahali hapo hupotosha risasi kuliko mikwaruzo yote ya kitako. Haikunasa popote. Kitako kilikuwa na alama za miaka mingi ya kukaa kwenye gari, lakini nyuma ya bolti, mahali ambapo mbao huanza kupasuka kwa mateke, hapakuwa na ufa. Namba ya bolti ililingana na ya mwili wa bunduki, na zote mbili zililingana na zilizoandikwa kwenye leseni yake. Zisipolingana, ondoka bila kujadili bei. Jambo pekee ambalo halipimiki kwa macho ni nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi iliyokaa chemba. Hilo lilipimwa kwa geji na fundi wa silaha mwenye leseni kabla sijafyatua hata risasi moja, na ningemshauri kila mnunuzi wa bunduki kuukuu aiweke gharama hiyo kwenye bei ya ununuzi.

Sasa kero, na ya kwanza si ndogo. Swichi ya usalama ya ZKK 600 inafanya kazi kinyume na bunduki nyingi nyingine: ukiisukuma mbele bunduki inafungika, ukiivuta nyuma iko tayari kufyatua. Mtu aliyefundishwa kwa bunduki nyingine, akiwa na haraka, ataisukuma mbele akidhani anafungua. Atakosa mnyama, jambo ambalo si msiba. Lakini ataivuta nyuma akidhani anafunga, na hapo pana hatari ya kweli. Mimi nilijizoeza nyumbani, bunduki tupu, chemba imekaguliwa mara mbili, hadi kidole kikajua chenyewe, na bado simwazimi mtu kwenye uwanja wa shabaha kabla sijamwonyesha swichi hiyo. Atakayekuwa na bunduki nyingine yenye swichi ya kawaida na kuzibadilisha mara kwa mara afikirie upya kuhusu ZKK.

Kero ya pili ni darubini. Juu ya mwili wa bunduki hii pamechongwa reli za milimita 19, hivyo pete za kawaida zinazouzwa na darubini za bei nafuu haziingii; zinahitajika pete za bunduki za Brno na za CZ, chapa ya Kicheki iliyoirithi, na inabidi uziagize. Zikishafungwa, hazina mfano kwa kushika. Juu yake niliweka darubini isiyobadilika, ya kukuza mara 4. Kwa fedha ileile ningepata ya kukuza mara 3 hadi 9, lakini kwa bei za chini darubini zenye mitambo mingi ndizo zinazohama shabaha baada ya mateke machache, na kwa mita 200 ukuzaji wa mara 4 unatosha kabisa. Hakikisha tu kwamba jicho linaweza kukaa angalau sentimita 9 nyuma ya kioo, la sivyo utarudi nyumbani na mchaniko juu ya nyusi, na watu mjini wataelewa umeutoa wapi.

Kuhusu ulengaji, kwa risasi za kawaida za kiwandani na nikiwa nimeegemea mfuko wa mchanga, matundu matatu kwa mita 100 hukaa ndani ya upana wa kifuniko cha kopo la kahawa, na aina moja ya risasi hukaa karibu zaidi kuliko nyingine, kwa hiyo nimebaki na hiyo. Nimeisawazisha ipige katikati kwa mita 100, na kwa mita 200 risasi huwa imeshuka sentimita 10 na zaidi kidogo, kiasi ambacho kwa kongoni hakihitaji hesabu yoyote zaidi ya kulenga juu kidogo ya katikati ya bega. Triga yangu ni ya aina inayosukumwa mbele kwanza ili iwe nyepesi. Naitumia uwanjani tu, kwa kuwa porini, baada ya kutembea juani na moyo ukienda mbio, triga nyepesi kiasi hicho hufyatuka kabla ya uamuzi.

Vipuri vinahitaji subira, kwa sababu ZKK ilishaacha kutengenezwa na nafasi yake kuchukuliwa na CZ 550. Springi ya pini ya kufyatulia na kucha ya kuvutia maganda nimeziagiza mapema na kuziweka kwenye kasiki, ingawa zilizomo bado ni nzima. Vumbi la Longido huingia kila mahali, kwa hiyo porini bolti naipaka mafuta kidogo sana, karibu ikauke, na mafuta mengi nayaacha hadi nirudipo mjini msimu ukiisha.