Nililipa kuonyeshwa meli ya Sultani, nikaonyeshwa maji

Nilikuwa Unguja mwisho wa wiki, nikakutana na kijana pale Forodhani anauza safari ya boti: saa moja na nusu, historia ya Glasgow, meli ya kifalme ya Sultani Barghash. Sh 40,000 kwa kichwa. Nikatoa bila kupatana, kosa langu hilo.

Boti ni safi na majaketi ya kujiokolea yanatosha watu wote. Mwongozaji ndiye tatizo. Alianza na vita vya Waingereza na Zanzibar vya 1896 akaishia hapo hapo: dakika 38, vita vifupi kuliko vyote duniani, basi. Hayo hata mtoto wa shule anayajua.

Aliyeniokoa ni nahodha. Nilimuuliza, "Mzee wangu, kwani meli yenyewe ilitoka wapi?" Akapunguza mashine. Tufani ya 1872, akasema, iliviponda vyombo vya Sultani. Mwaka uliofuata ikatia nanga hapa manowari ya Kiingereza, HMS Glasgow. Barghash akaipenda, akaagiza ya kwake ya mfano huo. Wakamuundia akina Denny wa Dumbarton, Scotland, 1878: milingoti mitatu ya matanga, na mashine ya mvuke juu yake. Ilipofika haikumkosha! Ikakaa nangani mbele ya jumba lake, pambo la bandari. Nilicheka, maana mimi nina viatu vya kuagiza mtandaoni vilivyoishia hivyo hivyo chini ya kitanda. Na baba yake Barghash, Seyyid Said, alipewa Prince Regent, yoti ya matanga ya wafalme wa Uingereza, mwaka 1836. Naye hakukaa nayo, akaigawa.

Asubuhi ya 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani bila ridhaa ya Waingereza, akiwa jumbani, pambo hilo likathubutu kuifyatulia mizinga manowari yao, St George. Likajibiwa, likazama. Ila maji ya pale si marefu, hivyo milingoti ikabaki imesimama nje ya maji mpaka 1912, mabaki yalipokatwakatwa. Miaka 16 watu wa Mji Mkongwe wakifungua madirisha wanaiona ile!

Picha za milingoti hiyo zipo tele mtandaoni. Kwenye boti hapakuwa na hata moja ya kutuonyesha. Tafuta yako kabla ya kupanda, la sivyo utakodolea mawimbi tu. Nenda asubuhi, kabla upepo haujachachamaa.

Nyota 3. Mbili ni za nahodha.