Mwaka mmoja kwenye klabu ya watazama ndege, uzoefu wangu

Ada ya mwaka wa pili nimelipa juzi, kwa hiyo mkisoma malalamiko yangu hapa chini mjue kabisa kwamba bado mi ni mwanachama.

Matembezi ya kwanza nilienda na darubini ndogo ya 10x25, ile ya kuweka mfukoni, na nilikuwa najidai maana niliona wenzangu wote wana za 8x42 nikasema moyoni hawa yao haivuti kama yangu. Kumbe namba ya kwanza ndo ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, sasa ukigawa 42 kwa 8 unapata 5 na kitu, ukigawa 25 kwa 10 unapata mbili na nusu, na hicho ndo kipenyo cha mwanga unaofika kwenye jicho lako. Alfajiri wakati jua halijatoka hiyo tofauti ni kubwa sana. Wao wanajadili rangi ya miguu ya ndege, mi naona kivuli kinachotetemeka, maana ukikuza mara 10 hata mtetemo wa mkono wako unakuzwa mara 10. Kiongozi wetu siku hiyo alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole, hakunicheka, akaniazima yake akanifundisha kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia: ukishamwona ndege kwa macho usimwache kwenda kuitafuta darubini, macho yabaki pale pale kwa ndege halafu darubini ndo uipandishe ije ikute macho. Hilo tu lilitosha kulipia ada yangu.

Halafu kuna kichekesho cha saa. Wanatumia uso wa saa kuelekezana, 12 iko mbele yako, 3 kulia, 9 kushoto. Sasa kijana mmoja akanong'ona "mti mkavu, saa tatu, kipanga!" basi nusu ya kundi tukageukia kulia na nusu kushoto, maana wengine tulichukua namba 3 na wengine tulichukua saa tatu yetu ya kila siku ambayo mshale uko kwenye 9. Kipanga alikuwa kushoto. Alishaondoka tulipomaliza kubishana. Siku hizi tunasema kulia kushoto kama watu wa kawaida.

Nikija kwenye lawama, matembezi ya wikendi yamejaa mno. Tunafika hata watu 30, na viongozi wengine ni wa kukimbiza orodha tu, wanataka spishi 80 kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo ukisimama kumwangalia yangeyange anavyovizia samaki unaambiwa huyo tumeshamwandika twende. Huyo yangeyange mi ningeweza kumwangalia saa nzima jamani. Halafu darubini kubwa ya miguu mitatu ipo moja tu, mnapanga foleni, zamu yako ikifika ndege kashaenda unaonyeshwa tawi. Tawi zuri kwa kweli.

Na kuna siku kiongozi mmoja alitoa spika akawa anacheza sauti ya ndege iliyorekodiwa ili ndege aliyejificha atoke, akatoka kweli, watu wakapiga picha, lakini mi nilikuwa namwona yule ndege anavyohangaika kutafuta dume mwenzake aliyevamia eneo lake, anaruka huku na huku anaimba hadi basi, na ilikuwa msimu wa viota. Nikalalamika kwenye grupu la WhatsApp, ukazuka mjadala mrefu, mwisho uongozi ukakubali spika zisitumike wakati wa kuzaliana. Kwa hilo nawapa heko, klabu nyingine wangenitoa kwenye grupu.

Sasa kitu ambacho sikutegemea kabisa kukipenda ni siku ya kuwavisha ndege pete mguuni, zenye namba ili wajulikane wakikamatwa tena. Anakuja mtaalamu mwenye kibali, wanatega nyavu nyembamba kabla hakujapambazuka na kuzikagua mara kwa mara ili ndege asichoke, kisha anapimwa bawa, anaingizwa kichwa chini kwenye kikopo juu ya mizani, mtu mzima mzima unashika pumzi kwa ajili ya kiumbe cha gramu 11. Halafu yule bwana akapuliza manyoya ya chini ya koo yakafunguka, tukaona mafuta ya manjano chini ya ngozi, akasema hiyo ndo petroli ya safari, wengine hawa wadogo wanakaribia kuongeza uzito mara mbili kabla ya kuvuka Sahara. Pete zenyewe zilianza kwa utaratibu mwaka 1899 na mwalimu wa shule wa Denmark, Mortensen, aliyewavisha kwenzi pete za alumini zenye namba.

Mihadhara ya jioni ya historia ya viumbe nayo usiidharau, ingawa projekta inazimika na mzee anayeendesha anapenda kurudi nyuma nyuma. Ndipo nilipojua zamani Ulaya kulikuwa na wasomi walioamini mbayuwayu wanalala matopeni majira ya baridi, mpaka mwaka 1822 akapatikana Ujerumani korongo mwenye mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni, yaani kachomwa huku Afrika akaruka nao mpaka kule, ushahidi kwamba ndege wanasafiri majira yakibadilika! Mwili wake umekaushwa, upo Chuo Kikuu cha Rostock. Nilitoka ukumbini sioni njia kwa kumuwaza huyo korongo.

Kama unafikiria kujiunga, nenda matembezi ya katikati ya wiki, watu wanakuwa 6 au 7 na yule mama huwa ndo anaongoza. Nguo nyeupe acha nyumbani. Programu ya Merlin, ile inayosikiliza sauti na kukutajia ndege, weka kwenye simu ila ichukulie kama tetesi, ikikuambia sauti ni ya nani mtafute kwanza umwone ndo uandike, maana kuna ndege wanaoiga sauti za wenzao. Darubini kubwa ya pili wametuahidi tangu mwanzo wa mwaka, ikifika nitakuja kusema.