Kujitoa kanisani Ujerumani: tathmini ya huduma, na ya sababu zinazowafikisha watu dirishani

Ujerumani, kuacha kanisa ni huduma ya serikali. Ina miadi, fomu, ada na cheti, na jina lake ni Kirchenaustritt. Humwandikii paroko wala mchungaji. Unakwenda mahakama ya wilaya, yaani Amtsgericht, au ofisi ya usajili wa vizazi na ndoa, Standesamt, kutegemea jimbo unaloishi. Mwaka 2022 Wakatoliki 522,821 walijitoa, na Waprotestanti wapatao 380,000. Mwaka 2024 walikuwa 321,611 upande wa Wakatoliki na takriban 345,000 upande wa Waprotestanti. Idadi imepungua, lakini bado ni zaidi ya watu 1,800 kwa siku ukigawa kwa mwaka mzima.

Tunaitathmini huduma hii kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili walioko Ujerumani au wanaojiandaa kwenda: wauguzi, wanafunzi, mafundi. Wengi wao huingizwa bila kujua katika kodi ya kanisa, Kirchensteuer, ambayo washirika hukatwa kwenye mshahara, na wengine hujitoa bila kujua wanachokiacha. Makosa yote mawili yana gharama.

Mambo huanzia kwenye kujiandikisha makazi. Ndani ya wiki mbili tangu uhamie nyumba unatakiwa kufanya Anmeldung, na fomu ina sehemu ya dini. Ukiandika "rk" wewe ni Mkatoliki, ukiandika "ev" wewe ni Mprotestanti wa kanisa la jimbo, Landeskirche. Taarifa hiyo huenda mamlaka ya kodi na kutoka huko humfikia mwajiri kwa mtandao, wala hakuna anayekuuliza tena. Mkatoliki aliyebatizwa Moshi au Nyeri anahesabiwa Mkatoliki wa Ujerumani tangu siku anapoanza kukaa huko, kwa sababu kwa sheria ya kanisa ubatizo hauna mpaka wa nchi. Mlutheri wa KKKT akiandika "ev", anakuwa mshirika wa kanisa la Kiprotestanti la eneo lake.

Wanaoumia zaidi ni walokole. Muumini wa kanisa la Kipentekoste, au wa Africa Inland Church (AIC), anaona "ev" na kudhani maana yake ni Mkristo wa kiinjili kama yeye. Anaijaza. Kuanzia mwezi unaofuata anakatwa kodi ya kanisa ambalo hajawahi kulikanyaga, huku fungu la kumi akilitoa kwingine. Makanisa huru mengi, Freikirchen, hayakusanyi kodi kabisa. Kwa mtu huyu dawa si kujitoa, kwa kuwa hakuwahi kuwa mshirika. Aandike mapema kwa ofisi ya usajili na ofisi ya kodi ya kanisa akiomba taarifa isahihishwe, na aambatishe barua ya kanisa lake inayoeleza yeye ni mshirika wa wapi. Akichelewa miaka, kila hati ya kodi iliyopita bila pingamizi itasomwa kama ushahidi kwamba alikubali.

Njia ya mkato nayo haifai. Mkatoliki anayeandika kwamba hana dini bado ni mshirika. Berlin, kwa mfano, ofisi ya kodi ya kanisa hutuma dodoso kwa wakazi kuuliza kama wamebatizwa, na ubatizo ukithibitika inaweza kudai kodi ya nyuma.

Sasa kiasi chenyewe. Kodi ya kanisa ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, na asilimia 8 katika majimbo ya Bayern na Baden-Württemberg. Si asilimia 9 ya mshahara, ingawa ndivyo inavyosimuliwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukikatwa euro 300 za kodi ya mapato kwa mwezi, kodi ya kanisa ni euro 27, yaani 324 kwa mwaka. Mwanafunzi au mtu wa kipato cha chini asiyelipa kodi ya mapato halipi kodi ya kanisa pia. Na kodi ya kanisa uliyolipa huondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi unapojaza ritani ya mwaka, kwa hiyo anayejitoa kwa hesabu ya pesa tupu ajue kwamba atakachookoa ni kidogo kuliko kinachoonekana kwenye salari slipu.

Hapo ndipo swali la kwa nini watu wanaondoka linapopata jibu ambalo viongozi wengi wa makanisa hawalipendi. Karani wa dirishani haulizi sababu, na wewe hulazimiki kuitaja. Lakini taasisi ya utafiti wa jamii ya kanisa la Kiprotestanti iliwauliza waliojitoa tangu 2018 na kuchapisha majibu mwaka 2022. Waliokuwa na tukio moja mahususi lililowasukuma walikuwa wachache, ingawa kwa waliokuwa Wakatoliki walikuwa wengi zaidi kuliko kwa Waprotestanti. Wengi walisema dini haina nafasi tena katika maisha yao, kanisa limekuwa kitu cha mbali, na kodi hawaioni ikiwarudishia chochote.

Kwa hiyo kuna kuondoka mara mbili. Kwanza imani inakwisha, au inabaki lakini mazoea yanakatika: baada ya Kipaimara kijana harudi, anahamia mji mwingine kusoma, parokia mpya haimjui na yeye haijui. Hilo linaweza kuchukua miaka kumi bila mtu yeyote kuliandika. Kisha unakuja mshahara wa kwanza wa maana, mstari wa Kirchensteuer unaonekana kwa mara ya kwanza, na mtu anajiuliza analipia nini. Ndiyo maana wanaojitoa hujazana kati ya miaka 20 na 35. Kodi haikuua imani yao. Iliwataka waamue jambo ambalo lilikuwa limeshaamuliwa kimyakimya.

Ushahidi mzuri ni mwaka 2014. Benki zilikuwa zinajiandaa, kuanzia 2015, kuiuliza mamlaka ya kodi, kwa njia ya kompyuta, dini ya mteja ili kukata kodi ya kanisa kwenye faida ya akiba na hisa. Kodi hiyo haikuwa mpya, namna ya kuikusanya ndiyo ilibadilika. Barua za benki zilipofika majumbani, Wakatoliki 217,716 walijitoa mwaka huo, wengi kuliko mwaka uliotangulia. Watu waliambiwa tu kile walichokuwa wakidaiwa tayari.

Kashfa hufanya kazi tofauti, nazo huwaondoa hata waliokuwa bado wanakaa viti vya mbele. Mwaka 2013 ilikuwa Limburg, ambako makazi ya askofu Franz-Peter Tebartz-van Elst yaligharimu takriban euro milioni 31. Mwaka 2018 utafiti ulioagizwa na maaskofu wenyewe ulikuta kwenye mafaili ya 1946 hadi 2014 watoto 3,677 waliodhulumiwa kingono na watuhumiwa 1,670, mapadre, mashemasi na watawa. Januari 2022 ikaja ripoti ya dhuluma kama hizo katika jimbo kuu la München, yenye waathirika wasiopungua 497. Januari 2024 ikawa zamu ya Waprotestanti, waathirika wasiopungua 2,225. Köln, ambako Kardinali Rainer Maria Woelki alilaumiwa kwa kuizuia ripoti ya kwanza ya dhuluma za jimbo lake isichapishwe, mahakama ya wilaya mwaka 2021 iliongeza nafasi za miadi kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi, na bado zilijaa upesi. Tunasema wazi: watu hawa si wavivu wa kusali. Walilelewa kuamini kwamba kanisa humlinda mdogo kuliko wote, wakakuta mafaili yanasema kinyume, na wakachukua fundisho lenyewe kwa uzito kuliko waliowafundisha.

Tukirudi kwenye dirisha, utaratibu ni mfupi. Tafuta kwanza ofisi husika. Berlin, Brandenburg na Nordrhein-Westfalen ni Amtsgericht; Bayern, Baden-Württemberg, Niedersachsen na Hamburg ni Standesamt; Bremen unaweza kwenda ofisi ya kanisa lenyewe. Weka miadi mtandaoni, na katika miji mikubwa jaribu asubuhi mapema nafasi mpya zinapofunguliwa. Nenda wewe mwenyewe. Beba pasipoti pamoja na hati ya makazi, Meldebescheinigung, kwa sababu pasipoti ya kigeni haionyeshi anwani yako. Ada ni euro 30 Berlin na Nordrhein-Westfalen, Brandenburg ni bure, na Baden-Württemberg kila manispaa hujipangia. Karani anaandika tamko, unasoma, unatia saini. Tamko halipokei masharti: huwezi kuandika kwamba unaacha kodi lakini unabaki muumini. Fomu mara nyingi huuliza ulibatizwa wapi na lini. Usiwe na hofu kama hukumbuki tarehe, mara nyingi hilo si sharti.

Barua pepe haikubaliki. Kwa posta inawezekana pale tu saini yako ikiwa imethibitishwa na mthibitishaji rasmi, jambo linaloongeza gharama. Tahadhari na tovuti za kibinafsi zinazokutoza pesa kwa kile zinachokiita kujitoa mtandaoni. Wanachokuuzia ni fomu ambayo bado utatakiwa kuipeleka mwenyewe. Mtoto wa miaka 14 na kuendelea anaamua mwenyewe, kwa sheria ya mwaka 1921. Chini ya hapo wazazi hutamka kwa niaba yake, na kujitoa kwa baba au mama hakumtoi mtoto.

Kwa kawaida kodi husimama mwisho wa mwezi uliotamka. Angalia salari slipu ya mwezi unaofuata. Kama mstari bado upo, ni taarifa haijamfikia mwajiri, na kilichozidi hurudishwa. Kuna jambo moja ambalo huwashangaza watu kila mwaka: kodi ya kanisa huhesabiwa kwa mwaka mzima kisha hugawanywa kwa miezi 12. Ukijitoa Juni na kupokea kiinua mgongo kikubwa Novemba, kiinua mgongo hicho kinaingia kwenye hesabu, na utadaiwa 6/12 ya kodi ya kanisa ya mwaka huo. Nao wanandoa wanaojaza ritani pamoja, mmoja mwenye kipato akiwa amejitoa na mwingine bado mshirika, katika majimbo mengi wanaweza kutozwa mchango maalumu uitwao besonderes Kirchgeld.

Udhaifu mkubwa wa huduma upo kwenye cheti. Unakabidhiwa karatasi moja, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ulijitoa unabaki kwako. Ukihama jimbo miaka kumi baadaye, ofisi ya kodi ya kanisa inaweza kukuuliza, na kumbukumbu za ofisi za zamani hazidumu milele. Kwa nchi inayotuma taarifa ya dini yako kwa mwajiri bila kukuuliza, kushindwa kutunza taarifa ya kujitoa kwako kwa uhakika huohuo ni jambo lisilokubalika. Piga nakala, weka asili pamoja na vyeti vya shule.

Kisha yale ambayo karani hakuambii. Kwa tamko la maaskofu wa Ujerumani la Septemba 2012, Mkatoliki aliyejitoa hapokei Kitubio, Ekaristi, Kipaimara wala Mpako wa Wagonjwa, isipokuwa akiwa katika hatari ya kufa. Hawezi kuwa msimamizi wa ubatizo, na kufunga ndoa kanisani kunahitaji kibali cha askofu. Paroko humtumia barua ya kumwalika mazungumzo. Barua hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote: inafika baada ya uamuzi, kwa mtu ambaye pengine hajawahi kupokea barua nyingine kutoka parokia hiyo, na inaorodhesha atakavyonyimwa kabla ya kumuuliza kilichomuumiza.

Kwa wauguzi, hili ni la kusoma mara mbili. Caritas, shirika la huduma la Wakatoliki, na Diakonie, la Waprotestanti, kwa pamoja zinaajiri zaidi ya watu milioni moja, na hospitali na nyumba za wazee nyingi zinazoajiri Wakenya na Watanzania ni zao. Kanuni za kazi za Kanisa Katoliki zililegezwa Novemba 2022, na maisha ya ndoa ya mfanyakazi si tena sababu ya kumfukuza. Kujitoa kanisani bado kumebaki: kwa kawaida kunazuia kuajiriwa na kunaweza kuleta kufukuzwa. Muuguzi Mwislamu anaajiriwa bila shida katika hospitali ileile inayomkataa Mkatoliki aliyejitoa. Tunaona hilo si haki, lakini ndiyo kanuni. Soma mkataba, zungumza na baraza la wafanyakazi, Mitarbeitervertretung, kabla ya kuweka miadi.

Nyumbani mambo hayaendi hivi. Tanzania haijauliza dini kwenye sensa tangu 1967, na anayeacha kanisa huacha tu kwenda jumuiya na kurudisha bahasha, hadi siku ya msiba ndugu wanapomtafuta padre. Kenya iliuliza mwaka 2019, na watu 755,750 walisema hawana dini. Hakuna dirisha, kwa hiyo hakuna anayejua wangapi wameondoka na wangapi wamehamia kanisa la jirani. Kwa upande huo dirisha la Kijerumani ni la kweli zaidi, na kanisa ambalo wamisionari wake wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 leo linajua kwa tarakimu linavyopungua.

Alama zetu: nne kati ya tano kwa dirisha lenyewe, kwa kuwa ni la haraka, halikuhoji na ada yake inavumilika. Mbili kwa cheti na taarifa zinazofuata. Huduma hii inamfaa aliyekwisha kuamua. Haimfai mlokole aliyeandikwa kimakosa, wala aliyekasirishwa na askofu lakini bado anataka kukomunika Jumapili, wala muuguzi ambaye hajasoma mkataba wake.

Anayetaka kurudi hapiti tena mahakamani. Upande wa Kiprotestanti kuna ofisi za kupokea wanaorejea, Wiedereintrittsstelle, kwa mazungumzo mafupi, bila ada na bila kubatizwa upya. Upande wa Katoliki unaanza kwa paroko yeyote, naye huomba idhini ya askofu. Kodi huanza tena kukatwa, na cheti cha kurejea kitunzwe pamoja na kile cha kujitoa.